Mwongozo kamili kwa anayeuguza: viambata vya mimea na ulinzi wa kinga ya mwili katika msongo wa muda mrefu

Anayemuuguza mzazi aliyepooza, mume mwenye saratani au mtoto mwenye selimundu huulizwa kila siku hali ya mgonjwa, lakini ni nadra kuulizwa hali yake mwenyewe. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani, wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser, walilitafutia jibu swali hilo kwa vipimo. Waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza ndugu zao wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu, wakawalinganisha na wanawake 13 wa umri na kipato kinachokaribiana ambao hawakuwa na mzigo huo, kisha kila mmoja akatobolewa kidonda kidogo cha milimita 3.5 kwenye mkono. Kwa wasiouguza, kidonda kilipona kwa wastani wa siku 39 hivi, na kwa wanaouguza kilichukua karibu siku 49. Mwaka uliofuata, kundi hilohilo la watafiti lilionyesha kwamba wazee wanaowauguza wenzi wao huitikia chanjo ya mafua kwa udhaifu kuliko wenzao wa rika moja.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya watu hao, kwa sababu nami niliwahi kuwa mmoja wao. Kwa miaka miwili nilimuuguza mama, na katika kipindi hicho mafua hayakunitoka, vidonda vya mdomoni vilirudi kila mwezi, na kila aliyeniona aliniletea mzizi, unga au chupa ya kitu kinachosemekana kuongeza kinga. Vingine vilikuwa na maana, na vingi havikuwa nayo. Ningefurahi kama mtu angenikalisha chini mapema na kunieleza kwa utaratibu yafuatayo.

Kwanza, elewa kinachoharibika

Mtu anapopatwa na shinikizo, ubongo hutuma amri kupitia hipothalamasi na tezi ya pituitari hadi kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo, nazo humwaga homoni ya kotisoli. Kwa saa chache homoni hiyo ni rafiki, kwani huupa mwili sukari ya kutumia na kuzuia seli za kinga zisifanye fujo kupita kiasi. Tatizo huanza pale amri hiyo isipokoma kwa miezi. Seli za kinga huzizoea kelele za kotisoli hadi zikawa kama kiziwi, kwa hiyo uvimbe wa chini kwa chini, yaani uchochezi, unaopaswa kuzimwa hubaki ukifuka kama moto wa pumba, na wakati huohuo uwezo wa limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, kupambana na virusi na kutengeneza askari wapya baada ya chanjo hupungua. Mwili unapoteza pande zote mbili: ulinzi unalegea na uchochezi unaongezeka.

Ndiyo maana siyapendi maneno “kupandisha kinga”. Kinga inayopandishwa ovyo hushambulia viungo vya mwenyewe, na mwenye baridi yabisi ya viungo au lupasi anajua maumivu yake. Tunachotafuta ni kuupunguza moto unaofuka na kuzipa seli za ulinzi malighafi zinazohitaji.

Mimea inaingiaje hapa? Mmea hauwezi kukimbia, kwa hiyo hujitengenezea kemikali za kujikinga na wadudu, kuvu na jua kali. Tunapozila, nyingi kati ya hizo mwili huzitambua kama vitu vigeni vyenye ukali kidogo, nazo seli hujibu kwa kuwasha mifumo yake yenyewe ya kusafisha na kukarabati. Nyingine hulisha bakteria wema wa utumbo mpana, na nyingine, kama vitamini C na karotenoidi (rangi za njano na chungwa za mboga na matunda), hutumiwa moja kwa moja na seli nyeupe za damu. Ushahidi wa maabara ni mwingi sana, ule wa wanyama ni mwingi, na wa binadamu ni mchache na hautoshani kutoka kiambata kimoja hadi kingine. Nitasema kila mara ushahidi umesimama wapi.

Hatua ya kwanza: ondoa shaka ya ugonjwa kabla ya kugusa mmea wowote

Uchovu na homa za mara kwa mara haviletwi na msongo peke yake. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kupungua uzito bila sababu, kiu na kukojoa sana, au utando mweupe mdomoni ni dalili za kupeleka hospitali. Pima kifua kikuu, hasa ikiwa unayemuuguza anacho, pima sukari, pima virusi vya UKIMWI, pima wingi wa damu. Anayeuguza huahirisha vipimo vyake mwenyewe kwa sababu foleni ya mgonjwa wake imemchosha. Siku utakayompeleka mgonjwa kliniki, jiandikishe nawe siku hiyohiyo.

Kisha chukua daftari uandike dawa zote unazotumia, pamoja na zile za kienyeji na za dukani, na maradhi unayoyajua. Orodha hiyo utairudia katika hatua ya sita.

Hatua ya pili: tengeneza sahani kabla ya kikombe

Kosa ninaloliona zaidi ni la mtu kunywa tangawizi na limau asubuhi, halafu akashinda na chai ya rangi na andazi hadi jioni kwa sababu mgonjwa ndiye aliyepikiwa. Hakuna kiambata kinachofidia njaa, maana seli za kinga hujengwa kwa protini. Maharage, kunde, choroko, mbaazi, dagaa, yai moja: kimojawapo kiwepo katika kila mlo mkuu, hata kama kipimo ni kidogo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa mikono ya nyumbani hiyo ni kama viganja vitano, na kwa anayeuguza njia rahisi ni kuzigawa: viganja viwili vya mboga mchana, viwili usiku, na tunda moja kati ya milo. Kunde na mboga hizo zina nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng’enya, lakini bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa asidi ndogo za mafuta, mojawapo ikiwa butireti, ambazo hulisha ukuta wa utumbo na kutuliza seli za kinga zilizojaa pale. Hapa ushahidi ni imara kuliko wa mzizi wowote wa kununua. Anayeweza kubadilisha sembe kwa dona na abadilishe, mradi mahindi yawe yamekauka na hayana kuvu.

Mboga za majani za kijani kibichi, karoti, boga na viazi lishe vya rangi ya chungwa vina karotenoidi, ambazo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na ngozi laini ya pua, koo na utumbo, yaani lango la kwanza la ulinzi, huitegemea vitamini hiyo. Karotenoidi huyeyuka katika mafuta. Mchicha uliochemshwa kwa maji matupu hukupa kidogo, na mchicha huohuo ukipikwa kwa tui la nazi, karanga zilizosagwa au kijiko cha mafuta hukupa zaidi. Bibi zetu wa Pwani na wa Bara walipounga matembele kwa nazi na mnafu kwa karanga walikuwa wakifanya kazi ya mfamasia. Nyanya nayo hutoa laikopini, karotenoidi yake nyekundu, vizuri zaidi ikipikwa na mafuta kuliko ikiwa mbichi.

Vitamini C ina mambo yake. Seli nyeupe za damu huihifadhi ndani yake kwa wingi mara kadhaa ya makumi kuliko ilivyo kwenye damu inayozizunguka, na mwili hauwezi kuitengeneza. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 kwa siku, na gramu 100 za mapera zina zaidi ya miligramu 200, kwa hiyo pera moja la wastani linatosha siku nzima. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliofanywa chini ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, mwaka 2013 ulikuta kwamba kumeza vitamini C kila siku hakuwazuii watu wa kawaida wasipate mafua. Lakini katika majaribio matano ya watu 598 waliokuwa katika mkazo mzito wa mwili, yaani wakimbiaji wa marathoni, wacheza skii na askari kwenye mazoezi ya baridi kali, hatari ya mafua ilipungua karibu nusu. Mkazo wa kuuguza si sawa na wa marathoni, na sitaki kudai kwamba matokeo hayo yanahamishika moja kwa moja. Ninachoona ni kwamba mwili ulio katika shinikizo haupaswi kupungukiwa na kitu hiki.

Joto na maji huipoteza. Osha mboga kabla ya kukata wala si baadaye, zipike kwa muda mfupi na maji kidogo, na maji yake yanywe au yatumike kwenye mchuzi. Limau au ndimu ikamuliwe chakula kikiwa kimeshaepuliwa, na itausaidia pia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde na mchicha. Ubuyu una vitamini C, lakini uwe unga mweupe uliokorogwa kwenye uji uliopoa au maji. Ubuyu mwekundu uliopikwa kwa sukari na rangi ni peremende ya watoto.

Hatua ya tatu: kitunguu saumu na kitunguu maji, kwa saa mkononi

Punje nzima ya kitunguu saumu haina alisini, kile kiambata chenye harufu kali ambacho wote tunakifuata. Ina malighafi yake katika chumba kimoja cha seli na kimeng’enya (protini inayoigeuza malighafi hiyo) katika kingine, na hivyo viwili hukutana pale tu punje inapopondwa. Kimeng’enya hicho huuawa na moto. Kwa hiyo anayeponda na kutumbukiza hapohapo kwenye mafuta ya moto hupata harufu nzuri lakini hupoteza sehemu kubwa ya kile alichokitaka. Ponda au katakata kwanza, acha kwenye kibao kwa dakika 10 huku ukimenya vitu vingine, ndipo upike, na ikiwezekana kitie mwishoni. Punje moja au mbili kwa siku zinatosha.

Jaribio moja la Uingereza lililochapishwa mwaka 2001 lilifuatilia watu 146 kwa wiki 12, na waliotumia vidonge vya kitunguu saumu walipata mafua mara 24 ilhali wengine walipata mara 65. Ni jaribio moja tu, na jaribio moja halijengi uhakika. Kinachonitosha ni kwamba kama kiungo cha chakula ni salama kwa wengi, ni cha bei nafuu, na kipo tayari jikoni.

Kitunguu maji chekundu kina kwasetini, mojawapo ya kemikali hizo za kujikinga za mmea, nyingi kuliko cheupe, na nyingi zaidi iko kwenye tabaka za nje, zile tunazozitupa tukimenya kwa haraka. Menya ganda kavu tu. Kwasetini haiharibiki kirahisi kwa moto bali huhamia kwenye mchuzi, na mchuzi huo mwepesi wa vitunguu, nyanya na majani ya giligilani ndio chakula ambacho anayeuguza na anayeuguzwa wanaweza kunywa pamoja, kama mgonjwa hana katazo la daktari.

Hatua ya nne: manjano, pilipili manga na mafuta, na tahadhari ya kununua

Kurkumini ya manjano ndiyo iliyochunguzwa kuliko viambata vingi, kwa sababu maabara imeonyesha mara nyingi kwamba huzuia swichi inayowasha uvimbe ndani ya seli, swichi ileile ambayo kotisoli hushindwa kuizima vizuri msongo ukidumu. Shida yake ni kufyonzwa: utumbo huipokea kwa taabu na ini huiondoa upesi. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, kiambata cha pilipili manga, na kiasi kilichoingia mwilini kikaongezeka kwa asilimia 2,000.

Hesabu ya jikoni ni hii. Unga wa manjano una kurkumini kiasi cha asilimia 3 hivi, kwa hiyo kijiko kimoja cha chai cha gramu 3 hutoa miligramu 90, wakati majaribio mengi hutumia miligramu 500 au zaidi. Usitarajie bakuli la mchuzi lifanye kazi ya kidonge cha utafiti. Litumie kama sehemu ya chakula cha kila siku: kijiko kimoja cha chai kwenye sufuria ya familia, chembe za pilipili manga zilizosagwa papo hapo, na tui au mafuta. Kaanga manjano kidogo pamoja na kitunguu kwa moto mdogo, kisha tia nyanya, kisha tui.

Wala usikimbilie vidonge vizito ili kufidia pengo hilo. Mwaka 2019 mamlaka za afya za Italia zilitoa tahadhari baada ya watu kupata homa ya ini inayohusishwa na virutubisho vya manjano, vingi vikiwa vimeongezwa piperini. Kinachorahisisha kufyonzwa kinaweza pia kulielemea ini.

Jambo la pili ni soko. Nchini Bangladesh, watafiti walithibitisha mwaka 2019 kwamba manjano ilikuwa ikipakwa kromati ya risasi ili ing’ae, na risasi ni sumu ya ubongo na ya damu. Nunua mzizi mzima, mbichi au mkavu, uuoshe, uukaushe na uusage mwenyewe. Manjano ya unga yenye rangi inayowaka kuliko kawaida iache dukani.

Tangawizi nitaipitia haraka, kwa kuwa matumizi yake yanajulikana. Jinjaroli, viambata vikali vya tangawizi mbichi, hugeuka kuwa shogaoli inapokaushwa, ambazo ni kali zaidi, kwa hiyo unga mkavu utumie kidogo kuliko mzizi mbichi. Msaada wake ulio na ushahidi mzuri kwa binadamu ni wa kichefuchefu. Karafuu ya Pemba na Unguja ina yujenoli, na habasoda inayopendwa sana Pwani ina thaimokwinoni. Ni viungo vizuri kwa kiasi cha chakula, lakini mafuta yao yaliyokamuliwa si ya kunywa kwa kubahatisha. Mdalasini wa Zanzibar ni ule wa kweli, wenye magome membamba yanayojikunja tabaka kwa tabaka. Mdalasini mwingi wa bei rahisi madukani ni wa kasia, gome nene na gumu, wenye kumarini inayoweza kudhuru ini ikiliwa kwa wingi kila siku.

Hatua ya tano: vinywaji, na usingizi ambao vinaweza kuuokoa au kuuharibu

Chai ina viambata viitwavyo katekini, na ina theanini inayotuliza bila kulaza, lakini ina kafeini pia, ambayo huchukua takriban saa tano nusu yake kuondoka mwilini. Anayeuguza hunywa chai usiku ili akeshe, kisha akipata saa mbili za kulala, usingizi hauji. Mwaka 2009 Sheldon Cohen na wenzake huko Pittsburgh waliwatia matone ya virusi vya mafua puani watu 153 wenye afya baada ya kufuatilia usingizi wao. Waliolala chini ya saa saba walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kuugua kuliko waliolala saa nane au zaidi. Hakuna mmea ninaoujua wenye nguvu inayokaribia hiyo. Kwa hiyo chai yenye kafeini iishie saa nane mchana.

Isitoshe, tanini za chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Inywe saa moja kabla au baada ya mlo, hasa kwa mwanamke aliye katika umri wa hedhi.

Baada ya saa nane mchana, badili. Mchaichai hauna kafeini. Rozela, ambayo wengine huiita choya, ina anthosayanini zinazoipa wekundu wake, na majaribio kadhaa kwa binadamu yameonyesha kwamba hushusha shinikizo la damu kwa kiasi. Loweka kiganja kimoja cha rozela kavu kwenye lita moja ya maji yaliyochemka na kuepuliwa, funika dakika 10, chuja. Iwe bila sukari, au kwa sukari kidogo sana, maana jagi la rozela lenye robo kilo ya sukari si tena kinywaji cha afya. Mwenye dawa za presha apime presha yake mara mbili kwa wiki anapoanza kuinywa, kwa sababu viwili hivyo vinaweza kushusha pamoja.

Usingizi wenyewe unahitaji zamu. Kaa na ndugu, toa hoja ya kidonda cha siku 49, na mpange usiku miwili kwa wiki ambapo mtu mwingine atakaa na mgonjwa. Nilichelewa mwaka mzima kuliomba hilo, kwa kuona haya, na nilipoliomba mjomba alisema alikuwa akingoja kuambiwa.

Mimea inayouzwa kwa jina la “kuhimili msongo”

Dhana hii ilianzia Umoja wa Kisovieti, ambako mwanasayansi Nikolai Lazarev aliunda neno adaptojeni mwaka 1947 kwa vitu vinavyousaidia mwili kustahimili mikazo ya namna nyingi. Leo zinazouzwa zaidi ni ginseng, rhodiola na ashwagandha. Ashwagandha ndiyo yenye majaribio mengi, hasa ya India, na baadhi yameonyesha kwamba wiki nane za matumizi hupunguza hisia ya msongo na kiwango cha kotisoli. Majaribio hayo ni madogo na ya muda mfupi. Kwa upande mwingine, kuna taarifa za madhara ya ini, inaweza kuongeza homoni za tezi ya shingo, haimfai mjamzito, na Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023.

Ushauri wangu ni kutoianza kabisa kama unatumia dawa ya kila siku, una ugonjwa wa ini, wa tezi au wa kinga kujishambulia. Aliye mzima na anayetaka kuijaribu azungumze na daktari, aitumie peke yake bila kuchanganya na kirutubisho kingine, na aiache baada ya wiki nane. Macho au mkojo vikibadilika kuwa vya njano, aache siku hiyohiyo na kwenda hospitali.

Likorisi, ule mzizi mtamu unaotiwa kwenye mchanganyiko wa chai nyingi za dukani, isikuingie bila kujua. Kiambata chake huzuia figo isiivunje kotisoli, hivyo homoni ileile unayotaka kuituliza hufanya kazi kwa nguvu zaidi kwenye figo, chumvi hubaki mwilini, potasiamu hushuka na presha hupanda. Soma orodha ya vilivyomo nyuma ya pakiti.

Hatua ya sita: linganisha na dawa zako

Sasa rudi kwenye daftari. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze wala kuacha ghafla mboga za majani, kwa sababu vitamini K iliyomo hupingana na dawa hiyo. Ale kiasi kilekile kila wiki ili kipimo chake kisiyumbe. Vidonge vya kitunguu saumu, tangawizi na manjano kwa dozi kubwa vinaweza kuongeza damu kutoka, na viachwe wiki mbili kabla ya upasuaji. Balungi huzuia kimeng’enya kinachovunja dawa nyingi, zikiwemo baadhi za presha na za kolesteroli, na kiasi cha dawa kwenye damu hupanda.

Kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, nasisitiza zaidi. Utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilishusha kiwango cha saquinavir, mojawapo ya dawa hizo, kwenye damu kwa karibu nusu. Mmea wa haiperikumu, unaouzwa Ulaya na Marekani kama tiba ya sonona na ambao ndugu walio ughaibuni huutuma nyumbani kwa nia njema, hushusha dawa nyingi za kufubaza virusi pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango. Kitunguu saumu cha mchuzi hakina shida hiyo. Vidonge na dondoo za mimea mwonyeshe mfamasia. Wala dawa isiachwe kwa ajili ya mmea wowote. Wakati wa kikombe cha Loliondo, dawa ya mitishamba iliyovuta umati nchini Tanzania mwaka 2011, wapo walioacha dawa zao, na virusi havikungoja.

Usimgawie mgonjwa unachokunywa wewe. Aliye kwenye tibakemikali, aliyepandikizwa figo au mwenye ini lililochoka ana hesabu tofauti, na dawa ya mpandikizwa hufanya kazi kwa kuizuia kinga makusudi.

Kuhifadhi

Hatua hii hurukwa, na isirukwe. Kuvu inayoota kwenye mahindi, karanga na viungo vilivyokauka vibaya hutoa sumukuvu, ambayo hudhuru ini na kudhoofisha kinga yenyewe. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 walifariki. Kausha majani ya mlonge, mchaichai na rozela kivulini juu ya wavu au turubai safi, yasiguse udongo, hadi yavunjike mkononi. Yaweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, gizani, ukiandika tarehe. Karanga yenye uchungu au rangi ya kijivu itupe. Kuipika hakuiondoi sumu hiyo.

Hatua ya saba: anza kwa wiki nne

Wiki ya kwanza usiongeze kiungo chochote. Tengeneza sahani tu, na hamisha chai. Wiki ya pili ongeza kitunguu saumu kilichopondwa na kusubiri. Wiki ya tatu ongeza manjano kwa utaratibu wake. Wiki ya nne ongeza rozela au mchaichai wa jioni. Kuongeza kimoja kimoja kunakuwezesha kujua kipi kimekuletea kiungulia, vipele au kuharisha, jambo lisilowezekana ukianza vyote Jumatatu moja.

Siku yenye mpangilio huo inaweza kuwa hivi: asubuhi uji wa dona au wa ulezi wenye karanga, ukipoa ukorogwe unga wa ubuyu, saa nne pera au papai, mchana ugali, maharage na matembele ya nazi, limau likamuliwe mezani, saa nane chai ya mwisho, jioni wali kidogo au ndizi za kuchemsha na mchuzi wa manjano wenye dagaa na mchicha, kabla ya kulala mchaichai. Hakuna kitu hapo cha kuagiza kutoka mbali, na sehemu kubwa kinapikika katika sufuria ileile ya nyumba.

Katika daftari, kila Jumapili andika mambo manne: saa ulizolala kwa wastani, siku ulizokuwa na mafua au homa, kidonda chochote na siku kilizochukua kupona, na milo uliyoiruka. Baada ya wiki nane daftari hilo litakuonyesha mwelekeo. Kama mafua yamepungua na vidonda vinapona, endelea vilevile bila kuongeza dozi. Kama hakuna kilichobadilika, au uzito unashuka, au unalia kila siku na kukosa hamu ya kitu chochote, lichukue daftari hilo na kumpelekea daktari, mwonyeshe kurasa zote, na umweleze wazi kwamba unauguza, kwa sababu pengine hatakuuliza.